Shilingi ya mwenge na majivu yake

Wajuzi wawili watatu waliniambia maneno yale yale: prufu, yaani sarafu iliyogongwa kwa uangalifu maalumu kwa ajili ya wakusanyaji, utaijua tu, inang'aa kama kioo. Ushauri huo ulinila elfu sitini na ushee.

Ilikuwa shilingi ya 1966, ile ya mwenge, toleo la kwanza kabisa la sarafu za Tanzania. Royal Mint ya London, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, ilitoa pia seti za prufu za mwaka ule, vipande vinne: senti tano ya samaki, ishirini ya mbuni, hamsini ya sungura na shilingi yenyewe. Seti 5,500 tu. Sasa dalali alipofunua leso pale Kariakoo na kitu kikanimulika usoni, ningeuliza nini tena? "Bosi wangu, hii haijashikwa na mkono wa mtu," akasema. Haikushikwa, kweli. Ilisuguliwa kwa ndimu na majivu kama sufuria ya pilau mkesha wa Idi.

Nyumbani nikakaa nayo dirishani, nikaigeuza polepole. Mikwaruzo myembamba kama nywele, yote imelala upande mmoja, inapita juu ya shavu la Mwalimu na kushuka kwenye uwanda, ile sehemu tambarare inayozunguka picha, bila kuruka. Ndani ya kitundu cha herufi A weusi umejaa. Ukingo umelegea kama sabuni ya juzi. Prufu hugongwa zaidi ya mara moja kwa chapa, yaani mihuri ya chuma, zilizong'arishwa, ndiyo maana ukingo wake ni mkali na herufi husimama wima kama kuta. Yangu haikuwa na ukuta hata mmoja.

Siku hizi naisimamisha sarafu juu ya gazeti, ukingo ugusane na maandishi. Kwenye prufu halisi unasoma tangazo la tanzia kinyumenyume, mpaka jina la marehemu. Kwenye ile ya ndimu niliona moshi.

Halafu kuna wanaosisitiza eti lazima sura, yaani picha iliyoinuka, iwe nyeupe kama imepakwa unga. Si lazima! Prufu nyingi za zamani zinang'aa kote, sura na uwanda, kwa sababu ule weupe wa chapa uliisha baada ya vipande vichache vya mwanzo. Na zipo zisizong'aa hata kidogo: Uingereza mwaka 1902, kwa kutawazwa Mfalme Edward VII, walitoa prufu za kufifia, uso kama mchanga laini. Baadhi ya waliozipata wakadhani zimeharibika, wakazisugua. Nawaelewa kabisa.

Lakini ya twiga nilipata! Shilingi 25 ya 1974, ya mfululizo wa kuhifadhi wanyamapori. Ile ya kawaida ni nusu fedha, gramu 25 na kidogo. Prufu ni fedha ya 925, yaani sehemu 925 kwa kila 1,000, gramu 28.28. Muuzaji alikuwa nayo ndani ya plastiki iliyokwaruzika hivi kwamba ng'aro haionekani, akaipangia bei ya kawaida. Nikamwambia twende kwa sonara hapo jirani, nataka tu kujua kama ni fedha. Plastiki ikatolewa, sonara akaiweka kwenye mizani. Ikasoma 28 na ushee. Nikajikohoza, nikaomba anipunguzie elfu tano. Akanipunguzia.

Baada ya hapo nikawa fundi wa mtaa mzima. Mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Marekani akanionyesha sarafu ya huko, ile ya fedha yenye tai, ya 2006. Nikaielekeza dirishani: uwanda umefifia kama jivu, sura na herufi ndizo zinazong'aa. Kila kitu kimekaa kinyume. Nikamrudishia.

"Wamekupiga, baba. Hii imesuguliwa juu juu, bondeni hawakufika."

"Mjomba, soma boksi."

Nikasoma. Prufu ya kugeuza: kioo wamekihamishia kwenye picha kwa makusudi, huko huko kiwandani.