Nilivyoachana na oili chafu kwenye zana za shamba

Huku kwetu Mbozi, mkoani Songwe, kutu haiji wakati wa kulima. Plau ikiwa kazini, udongo wenyewe huisugua ikang'aa hadi unajiona uso. Shida huanza kazi ya kulima inapoisha, mwishoni mwa Desemba, maana hapo ndipo mvua zinaposhika kasi, na zitanyesha mpaka Aprili, pengine hata Mei. Chuma kinapumzika miezi ileile ambayo hewa imejaa unyevu. Mwenye plau ameitupa nyuma ya zizi, ataikumbuka Oktoba.

Marehemu baba alituachia plau mbili za ng'ombe zilizotoka kiwanda cha Zana za Kilimo Mbeya, haro ya sahani ya kuvunjia mabonge ya udongo, mashine ya kupandia mahindi, tela, na Massey Ferguson 165 iliyonizidi umri. Pembeni ya banda aliacha pia pipa la oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini mwaka hadi mwaka. Hiyo ndiyo dawa ya kutu ya kijiji kizima: unachovya tambara, unapaka, unaondoka.

Nilipomwambia baba mdogo kwamba nataka kuiacha, alinitazama kama mgonjwa.

"Kaka alipaka hiyo miaka yote na plau zipo."

"Ni kweli, baba mdogo. Lakini enzi zake kisima kilikuwa bondeni. Sasa kiko hapo chini ya banda."

"Haya, paka maji basi," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Oili chafu ni ya bure na inashika. Ila ukiichunguza, hata chuma chenyewe haikitendei haki sana. Oili iliyokwisha kufanya kazi kwenye injini ina masizi, ina vumbi la vyuma vilivyosagika, ina tindikali na maji kidogo yaliyotokana na kuungua kwa dizeli. Unapaka kinga ambayo ndani yake mna kitu kinachokula chuma. Kisha siku ya kwanza ya kulima, ardhi inaifuta yote, na huko ndiko inakobaki, pamoja na zinki na mabaki mengine mazito ambayo vijidudu vya udongo hawajui wayafanyeje. Ile iliyodondoka chini ya banda inasubiri mvua iisukume kuelekea kisimani. Na mikono ya anayepaka je? Oili ya namna hiyo haifai kukaa kwenye ngozi, na vijana wetu huipaka kwa viganja vitupu.

Kutu yenyewe, kwa upande wa mazingira, haina ubaya wowote. Udongo wetu huu ni mwekundu kwa sababu umejaa chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni, ndugu wa kutu iliyo kwenye plau. Lakini kuiacha plau ioze kwa jina la kutunza mazingira nako ni kujidanganya, maana utanunua nyingine, na tani moja ya chuma cha pua ikitengenezwa kiwandani hutoa hewani karibu tani 2 za kaboni dayoksaidi. Zana ya zamani inayodumu ni akiba kubwa. Swali likabaki ni kitu gani kipakwe, na wapi.

Nikajiwekea utaratibu mmoja: sehemu inayoingia udongoni ipakwe kitu ambacho udongo unaweza kukila. Sehemu isiyogusa udongo ipigwe rangi idumu. Grisi ya dukani ibaki ndani ya vyuma ilikofungiwa.

Kabla ya kupaka chochote nilianza na mahali pa kulaza zana, na naamini hapo ndipo pana nusu ya kazi yote. Nilizitoa karibu na zizi. Mkojo wa ng'ombe na mvuke wake hula chuma haraka kuliko mvua. Niliziinua juu ya vipande vya mbao zisiguse ardhi, chini ya bati lisilo na kuta upande wa upepo. Turubai nililiondoa kabisa. Wengi hudhani turubai linakinga, kumbe likigusana na chuma usiku jasho hutengenezeka chini yake na halina pa kutokea, asubuhi unakuta matone. Paa na upepo vinatosha.

Chombo kilichonipa kazi kuliko vyote ni mashine ya kupandia, upande wa mbolea. DAP, na urea pia, huvuta unyevu kutoka hewani, halafu ule unyevu wenye chumvi unakaa kwenye kona za sanduku la mbolea ukitafuna. Ukiinamisha kichwa ukaangalia chini ya lile bamba la kugawia mbolea, unaona ukoko mgumu mweupe, na chini ya ukoko chuma kimeinuka kwa tabaka, ukikigusa kwa bisibisi kinabanduka. Hapo hakuna mafuta yatakayosaidia kama mbolea bado ipo. Siku ileile ya kumaliza kupanda, sanduku linafunguliwa, linakwanguliwa kwa kijiti, linaoshwa kwa maji mengi, linaanikwa juani milango ikiwa wazi. Maji hayo ya kuoshea ni mbolea tupu, nayamwaga kwenye migomba, mbali na kisima na mbali na mfereji.

Kwa kutu iliyokwisha kuota sana, kwenye sahani za haro na minyororo ya mashine ya kupandia, nilitumia molasi, ile ile wafugaji wanayochanganya kwenye chakula cha ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, ndani ya nusu pipa, chuma kizame chote. Molasi huing'ang'ania kutu ikaiondoa kwenye chuma polepole, bila tindikali kali. Ni kazi ya wiki kadhaa, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai inachelewa zaidi, kwa hiyo mwenye haraka haimfai. Inatoa povu, inanuka kama pombe iliyochachuka, na nyuki hawakosi. Funika kwa bati. Usiweke humo kitu cha aluminiamu wala bati lenye zinki, vitaliwa. Ukitoa sahani inakuja na utelezi mweusi unaotoka kwa brashi chini ya maji. Kilichobaki pipani nilikimwaga kwenye lundo la samadi linalooza. Chuma na sukari, samadi haijali.

Jambo la kuangalia ni dakika zinazofuata. Sahani iliyotoka kwenye molasi imevuliwa nguo zote. Ukiisuuza na kuiacha, kabla hujamaliza kunywa chai imeshaota utando wa rangi ya chungwa. Mimi huisuuza kwa maji ya moto ili ijikaushe yenyewe kwa joto lake, naifuta, napaka hapohapo ikiwa bado vuguvugu.

Napaka nini? Mafuta ya alizeti na nta ya nyuki. Nta huyeyushwa kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe kwa sababu hushika, kisha mafuta yanaongezwa mara nne hivi ya nta. Ikipoa inakuwa laini ya kuchotwa kwa kidole. Alizeti ikikaa hewani hugandamana ikawa kama ule utando mweusi wa kikaango cha chapati ambacho hakijawahi kuona sabuni, nao ndio unaokinga. Watu wa mashine huichukia tabia hiyo kwa sababu inanata. Kwenye plau haina neno, mita chache za mfereji wa kwanza na imekwisha futika. Ubaya wake upo: panya huilamba, na kwa mvua ya miezi minne huwa narudia kupaka katikati ya msimu, jambo ambalo oili chafu haikunidai mara nyingi. Na bei si sawa na bure. Ila unapaka kidogo sana. Ukiona inachuruzika, umemwaga pesa.

Fremu, tela na matairi ya chuma nilivipiga rangi. Rangi na thina si vitu safi, mvuke wake unaumiza kichwa na kopo likiisha ni taka. Hata hivyo rangi moja nzuri inakaa miaka, na mafuta yangepakwa kila msimu juu ya chuma ambacho hata hakiingii ardhini. Hapo kwangu rangi imeshinda. Tatizo lilikuwa rangi ya zamani. Zana za miaka hiyo mara nyingi zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ukipiga msasa mkavu unavuta vumbi lake wewe na watoto wako. Kuku nao hudonoa vile vipande. Nilitandika turubai (angalau likapata kazi), nikapiga msasa wa maji, nikakusanya mabaki yote kwenye mfuko, wala sikuyachoma. Pale rangi ya zamani ilipokuwa bado imeng'ang'ania sawasawa sikuigusa, niliosha nikapaka juu yake.

Beringi, nati na zile skrubu ndefu za kurekebishia kina bado zinapata grisi ya kawaida. Nilijaribu nta kwenye nati za plau, zikakwama. Grisi iliyofungiwa ndani haiendi popote, na kuing'oa nati iliyoshikana kwa moto wa gesi ni hasara kubwa zaidi.

Likabaki pipa la baba. Sheria za mazingira huihesabu oili chafu kuwa taka hatarishi, na anayeikusanya anatakiwa awe na kibali, kwa hiyo si kitu cha kumpa yeyote anayepita na mkokoteni. Fundi wa gereji mjini alikubali kuichanganya na yake, kwa kuwa anao wakusanyaji wanaoifuata. Niliipeleka kidogokidogo kwa madumu, na kila dumu nililiandika kwa rangi nyekundu pande zote mbili, OILI CHAFU, maana yalikuwa yale madumu ya njano, na kwetu dumu la njano likionekana jikoni hakuna anayeuliza kama ni mafuta ya kupikia.