Siku yangu ya udongo, mikeka na vyombo vya majini vya mianzi Hoi An

Mimi ni mtu wa Matondoni, kisiwani Lamu. Kwetu baba akiamka hushika tezo la kuchongea majahazi, mama hushika ukili wa mikeka, na mtoto huijua sauti ya nyundo ya kalafati, ya kuziba mianya ya mbao, kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo nilipopita Vietnam baada ya kununua mzigo Guangzhou, sikuwa na hamu ya mahekalu wala ufuo. Nilitaka kuwaona mafundi wa Hoi An, mji mkongwe wa kando ya mto, wakiwa kazini, na kupanda vyombo vyao mtoni.

Siku ya kwanza iliniponyoka. Nililipia safari ya kundi: vituo tisa kwa siku moja, kila kituo robo saa ya kazi na nusu saa ya duka. Kwenye ufinyanzi nilipewa bonge la udongo, nikapigwa picha, nikaondolewa ili mwingine akae. Jioni nilikuwa na picha nyingi na mikono mikavu. Niliumia, kwa sababu nilijua watu wale wanaijua kazi yao, ila hawakupewa nafasi ya kuionyesha.

Usiku ule nikakaa na dada wa nyumba ya wageni nilikofikia, tukatandaza ramani mezani. Nikamwambia nataka mambo matatu tu, vyombo vya mianzi, udongo na mikeka, kila moja nilipe muda wa mwenye kazi hata nisiponunua kitu. Akaniandikia hayo kwa Kivietnam kwenye karatasi: huyu ni mtoto wa fundi wa majahazi, ameomba kukaa na kujifunza, atalipia saa zenu. Karatasi ile ndiyo iliyonifungulia milango.

Tena akanifundisha jambo moja ambalo lilinigusa. Wavietnam hawana “wewe” moja ya kumwita kila mtu. Humwita mtu kwa udugu kufuatana na umri wake. Aliyekuzidi kidogo ni *chị*, dada. Aliye rika la shangazi ni *cô*, nalo neno lenyewe ni shangazi, dada yake baba. Mzee ni *bà*, bibi. Mtu aliyelelewa Lamu hahitaji kufundishwa mara mbili.

Niliondoka kwa baiskeli saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya sala, kwenda Cam Thanh, mashariki ya mji. Huko kuna msitu wa minipa, ambao wenyewe huuita mnazi wa maji: makuti marefu yanayochipuka moja kwa moja kwenye matope, na vijia vya maji katikati. Macho yangu yaliona mikoko ya kwetu. Ukifika saa tatu utakuta spika zinapiga muziki na vyombo vinazungushwa kama pia watu wapige picha. Alfajiri palikuwa na kupwa kwa maji, ndege, na shangazi mmoja aliyekuwa akitoka kutazama mitego yake.

Chombo chenyewe ni *thúng chai*, kikapu cha mviringo cha mianzi. Hakina omo wala tezi, yaani hakina mbele wala nyuma. Niliomba nikishike kabla ya kupanda. Mianzi imepasuliwa membamba, ikasukwa kwa kubana kama ungo, ukingo ukafungwa kwa pete ya mianzi mizima, kisha kikapu kizima kikapakwa samadi ya ng'ombe na utomvu wa mti uitwao *dầu rái*. Samadi huziba matundu, utomvu huzuia maji. Sisi huingiza pamba yenye mafuta kati ya mbao, kisha chini tukapaka shahamu. Wao hawana mbao za kuziba. Siku hizi vingi hutengenezwa kwa plastiki ngumu, lakini hiki kilikuwa cha mianzi. Husimuliwa kwamba enzi za Wafaransa, kodi ilipowekwa juu ya vyombo vya baharini, wavuvi walisuka vikapu hivi wakasema si vyombo.

Nimepiga kafi tangu utotoni, lakini hapa ilibidi nianze upya. Ukipiga kafi ubavuni, kikapu huzunguka tu. Shangazi alipiga magoti, akaliweka kafi mbele yake, akachora ndani ya maji namba 8 iliyolala, taratibu, na kikapu kikavutika mbele. Siri iko kwenye kifundo cha mkono: bapa la kafi hugeuzwa kila upande lisitoke majini. Ilinichukua karibu saa nzima kwenda mstari ulionyooka hatua kama ishirini. Alipoona nimeshika, akanigusa bega, akarudi kwenye mitego yake nami nikiwa ndiye mpiga kafi. Saa tatu kasorobo tulisikia spika ya kwanza, tukatoka.

Mjini nikatafuta chombo cha kunipeleka Thanh Ha, kijiji cha wafinyanzi, kama kilomita tatu ukipanda mto Thu Bon. Bei tulikubaliana kabla sijaweka mguu chomboni: yeye akaandika tarakimu kwenye simu, nikaandika yangu, tukakutana katikati, pamoja na baiskeli na saa za kusubiri. Angalieni noti zao mkilipa. Ya dong 20,000, yenye picha ya daraja la Wajapani la Hoi An, ni ya buluu, na ya 500,000 nayo ina buluu. Kwenye mwanga hafifu ni rahisi kutoa moja badala ya nyingine.

Omoni chombo kilichorwa macho mawili. Nilisimama nikayatazama, kwani jahazi la Lamu nalo huwekewa macho. Nilimwonyesha mwenye chombo picha ya jahazi la baba kwenye simu, nikaweka kidole kwenye jicho. Akaita wenzake wa vyombo vya jirani, wakaipokezana simu.

Thanh Ha wamefinyanga kwa karne kadhaa, na udongo wao ni wa kingo za mto huuhuu. Sikuingia kwenye vibanda vya mbele. Nilipita kwenye vichochoro hadi nikasikia gurudumu likikwaruza, nikatoa karatasi yangu. Walikuwa bibi wawili. Kwa kawaida yao gurudumu moja ni kazi ya wawili: mmoja husimama kwa mguu mmoja na kusukuma gurudumu kwa mguu wa pili, huku mikono yake ikiviringisha udongo kuwa kamba nene, mwenzake huketi chini, huipokea kamba ile, huizungusha juu ya kitako cha chungu na kuivuta iwe ukuta. Hawasemezani. Anayesukuma huongeza au kupunguza mwendo kwa kuangalia mikono ya aliyeketi.

Chungu changu cha kwanza kiliporomoka, cha pili kikapinda. Bibi akaweka mkono wake uliolowa juu ya wangu, na hapo ndipo nilipoelewa, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Mimi nilikuwa nasukuma. Yeye aliweka gumba ndani na vidole nje, akautuliza mkono, gurudumu lenyewe likauleta udongo kwake. Cha tatu kilisimama, kikombe kidogo chenye mdomo usio sawa. Alikikata kitakoni kwa uzi, akakiweka ubaoni pamoja na vyake. Sikukichukua. Udongo lazima ukauke kwanza, ndipo uingie tanuri la kuni, na mimi nilikuwa na ndege kesho yake. Nilikaa pale saa mbili, na sikuona zimepita. Wakati wa kuondoka waliniwekea kiganjani filimbi ya udongo yenye umbo la nyati, ambayo wao huiita *tò he*.

Chakula kilikuwa wasiwasi wangu, kwa kuwa vyakula vingi vya Hoi An, hata tambi zao maarufu za *cao lầu*, huwa na nguruwe. Tafuteni neno *chay* mlangoni: ni chakula kisicho na nyama cha Wabudha, na kinapatikana kwa wingi. Nilikula wali, tofu na mboga chomboni.

Mchana tukateremka hadi kisiwa cha Cam Kim, ng'ambo ya mji, kilipo kijiji cha Kim Bong. Maseremala wake ndio waliojenga nyumba za mji mkongwe, na wengine waliitwa kwenda kujenga jumba la wafalme kule Hue. Nilizunguka karakana moja, nikanusa mbao za mfenesi, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye mikeka.

Sisi hatufumi mkeka kwa kitanda cha mfumi. Tunasuka ukili kwa vidole, utepe mrefu, kisha tunaushona. Kwenye baraza moja niliwakuta bibi na binti yake wameketi kwenye kitanda cha mfumi kilicho karibu na sakafu. Binti alichomeka ncha ya unyasi kwenye fito ndefu ya mwanzi, akaipitisha katikati ya nyuzi kwa mkupuo mmoja, bibi akaushusha ubao, dup, akaupindua, dup tena. Binti aliniachia ile fito. Nilipitisha unyasi kwa muda mrefu, na bibi hakunifumulia ila mara mbili.

Kisha nikaokota nyasi zilizokuwa zimekatika, nikazilowesha, nikasuka ukili wa miyaa mitano, yaani nyuzi tano za kusukia, mbele yao. Nyasi zao ni ngumu kuliko ukindu, nikasuka polepole. Ulipofika urefu wa shibiri bibi alininyang'anya. Aliugeuza, akaufumua kwa kucha nusu yake, akautazama jinsi ulivyopita, kisha akaanza kuusuka tena mwenyewe. Alikosea mahali pamoja, akarudi nyuma, akasahihisha bila mimi kusema neno. Alipomaliza aliufunga kwenye mguu wa kitanda chake cha mfumi.

Viza, kwa atakayeuliza, niliomba mtandaoni. Tangu Agosti 2023 raia wa nchi zote wanaweza kuomba ya hadi siku 90, na ya kuingia mara moja ni dola 25. Ndege hutua Da Nang, kama kilomita 30, kwani Hoi An haina uwanja. Oktoba na Novemba mto hufurika hadi mitaani, epukeni.

Mwenye chombo nilikuwa nimeshaagana naye. Nilirudi mjini kwa baiskeli kupitia daraja la Cam Kim, taa za karatasi zikianza kuwashwa upande wa pili, udongo wa Thu Bon bado uko chini ya kucha zangu.