Jozani baada ya mvua

Leo nimempeleka mpwa wangu kwenye msitu wa Jozani, Unguja. Tulipanda daladala 309, ile ya Jambiani, masika yakatukuta njiani.

Nikataka turudi. Kakataa katakata!

Mvua ilipokatika, msitu mzima ukabaki kudondosha matone.
Na pale juu, kima punju na mwanawe kifuani, anamchambua manyoya yaliyolowa, taratibu.
Asili yao ni Unguja tu, jamani.

Mpwa wangu akaninong'oneza: "Mjomba, usikohoe."

Tukasimama hivyo hivyo, nguo zimetuganda mwilini.

Mnaopanga kutembea Aprili, njooni. Chukueni koti la mvua na viatu visivyoteleza, zile mbao za njia ya kwenye mikoko zikirowa si za kukimbilia.

Nyinyi masika huenda wapi? Niambieni.