Ate, barua za rufaa na ugomvi wetu na "has had"

Ijumaa, Muscat

Leo hatukuwa na zamu, mimi wala Ate, lakini badala ya kwenda Mutrah kama tulivyopanga tumeshinda chumbani tukigombana na barua ya nusu ukurasa. Ate ni mwenzangu wa chumba hapa hosteli, muuguzi kama mimi, Mfilipino wa Batangas. Amenizidi umri, ndiyo maana namwita Ate kama wadogo zake wanavyomwita kwao. Yeye ananiita dada. Anataka kwenda Uingereza, na kati ya mitihani ya lugha inayokubaliwa na baraza la wauguzi la kule amechagua OET, kile Kiingereza cha watu wa afya.

Kuongea hakumpi shida. Kwao Kiingereza kina umri: mwaka 1901 meli ya Thomas ilishusha Manila mamia ya walimu kutoka Marekani, na tangu hapo lugha hiyo haijatoka madarasani. Ate mwenyewe alisoma hesabu na sayansi kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Daktari akipiga simu usiku wa manane, ndiye tunayemsukumia apokee. Kinachomwangusha ni kuandika: unapewa maelezo ya mgonjwa, nawe uyageuze barua, mara nyingi ya rufaa, yaani ya kumpeleka mgonjwa kwa mhudumu mwingine. Kusoma, kusikiliza na kuongea alipata B zote. Kwenye barua akapewa C, na baraza linataka angalau C+. Alama moja tu hiyo, na ada ya mtihani si ndogo.

Kila mtu ana ushauri wake. Soma magazeti, tazama filamu bila maandishi ya chini, fikiri kwa Kiingereza. Mimi naona huko ni kumzungusha. Mtu aliyeishi na Kiingereza tangu utotoni hakosei kwa sababu hajakisikia vya kutosha. Nimezipitia barua zake zote za mazoezi, na makosa hayakutawanyika ovyo. Yanarudi palepale, pale ambapo Kitagalog, lugha ya kwao, kina njia yake.

Chukua "he" na "she". Mgonjwa ni Mrs fulani, mama wa miaka 64, lakini aya ya pili inasema "he complained of chest pain". Kitagalog kina "siya" tu, awe mume awe mke, kama sisi na "yeye" yetu. Hapo mimi na Ate tumelazwa wodi moja. Wakati wa kukabidhiana zamu utasikia Wafilipino na Waswahili tukibadilisha jinsia ya mgonjwa ndani ya sentensi moja, hadi daktari mmoja akauliza kitanda cha nne kina wagonjwa wangapi. Dawa aliyoibuni Ate ni nyepesi: kabla hajaandika chochote, anachora duara juu ya karatasi na ndani anaandika SHE kwa herufi kubwa. Akimaliza barua anairudia akitafuta hicho tu. Haangalii koma, haangalii tahajia. Kisha anairudia tena akitafuta "s" za wingi, maana kwao ukishataja namba, nomino haina haja ya alama ya wingi, na ndivyo "two tablet" zinavyopenya. (Sisi ngeli zimetukomaza, kidonge kimoja, vidonge viwili, hapo hatuna taabu.)

Kazi kubwa ni vitenzi. Ate alinieleza hivi: kumain, amekula, imekwisha, kumakain, anakula, bado inaendelea, kakain, hajaanza lakini atakula. Kitenzi kinakuambia tendo limefikia wapi. Lilitokea lini, hiyo ni kazi ya maneno mengine, jana, juzi, mwaka ule. Kwa hiyo "ate", "has eaten" na "had eaten" zote kwake zinaweza kuwa kumain. Ukimpa kanuni za kitabu anazikariri vizuri na kuzitaja zote, kisha anaandika "the pain has started last night".

Leo nikajaribu kumwonyesha kwa Kiswahili. Nikamwandikia: maumivu yaLIanza jana usiku, sasa yaMEtulia. Nikamwambia palipo na "li" pana wakati wake uliopita na mlango umefungwa, "started". Palipo na "me" jambo limekwisha ila matokeo yake unayo mkononi, "has settled". Akatulia, akaandika li na me kwenye daftari lake, akairudia barua nzima. Vitenzi karibu vyote vikakaa sawa! Nikajiona mwalimu.

Halafu tukafika kwenye kisukari. Maelezo yanasema tu: diabetes, 2015. Ate akaandika "she has diabetes since 2015". Nikataka kumsahihisha kwa mtindo uleule, nikagundua Kiswahili chenyewe kinasema "ana kisukari tangu 2015". Hakuna li wala me. Kitagalog nacho kinasema vilevile tu, kwamba anacho tangu 2015. Lugha zetu mbili zimekubaliana, Kiingereza peke yake kinadai "has had", ambayo masikioni mwa Ate ni kigugumizi. Tumebishana na hiyo "has had" mpaka chai ikapoa. Mwishowe ameipa ukurasa wake: kila akiona "since", au "for" ya muda ambao haujakatika, kalamu isimame kwanza. Haelewi kwa nini, na amesema hana haja ya kuelewa, anataka C+.

Kuna mengine nimemwambia ayaache. "Open the light", kwa mfano, ni Kiingereza cha kwao, Manila nzima inaelewa, na hakuna barua ya rufaa inayozungumzia taa. "A" na "the" nazo zinamponyoka, lakini mgonjwa hapotei kwa sababu ya "the". "He" badala ya "she" inaweza kumpoteza.

Adabu ndiyo iliyotuchekesha. Kwao mtu mzima humwambii kitu bila kutia "po", kwa hiyo akimwandikia daktari anahisi barua iko uchi, anaivika "kindly" kila aya. Barua inatakiwa iwe kama maneno 180 hadi 200. Nilimwambia hata mimi naona ugumu kuandika kwa mkubwa bila shikamoo, lakini hizo "kindly" zinamlia nafasi ya dozi ya insulini. Amekubali kubakiza moja, ya mwisho. Nilipomwomba aifute na hiyo alikataa katakata.

Jumatatu ana zamu ya usiku, kwa hiyo barua inayofuata tutaifanya Jumapili mchana. Nimemchagulia mgonjwa mwanamume, Mr fulani, mwenye presha tangu 2009.