Kabati la droo nne kwa hewa ya Tanga

Kabati ambalo droo zake zinateleza Februari kisha zikagoma katikati ya Masika halijarogwa. Mbao imekunywa unyevu ikavimba, na fundi hakuiachia pa kuvimbia. Misumari na gundi haviwezi kuuzuia mti usitanuke. Kinachowezekana ni kuunga viungo vitakavyouacha utanuke bila kupasuka.

Tuchukue kabati la upana wa sm 90, kimo sm 100 na kina sm 45. Mtiki wa Longuza, kule Muheza, unafaa sana: hautembei ovyo na mchwa hawaupendi. Lakini sifa hizo ni za kiini cha kahawia. Mti mchanga una weupe mwingi pembeni, na weupe huo wadudu wanautafuna kama mbao nyingine yoyote. Kata wote. Ndiyo maana kila ubavu wa sm 45 unaununulia mbao tatu za inchi 1 kwa 8, na zikishapigwa randa pande zote zibaki na unene wa mm 20.

Muuzaji akikwambia mbao ni kavu, itikia tu, kisha uzipange kivulini kwa vijiti katikati, hewa ipite. Kata kipande kimoja, kipime kwenye mzani wa dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi. Usianike juani, mbao itapasuka nchani kabla ndani haijakauka.

Mtiki una mchanga mchanga ndani yake unaokula makali, kwa hiyo kinoo kikae mezani muda wote. Una mafuta pia: kabla ya kupaka gundi nyeupe, futa sehemu ya kuunga kwa kitambaa chenye thina, iache ikauke, kisha gundisha papo hapo. Fanya kazi hiyo asubuhi mapema. Saa saba mchana gundi inaanza kushika hujamaliza hata kukaza klampu.

Mbao hutanuka kukatiza nyuzi zake, ile mistari inayofuata urefu wa ubao; kwa urefu karibu haitanuki. Mbavu zisimamishe nyuzi zake wima, na ubao wa juu na wa chini nyuzi zilale kushoto kwenda kulia. Hivyo vyote vinatanukia upande mmoja, mbele na nyuma, na kona za mkia wa njiwa, yaani viungo vya meno yaliyopanuka nchani, haziumii. Hatari iko kwenye reli za kubeba droo, maana zinakatiza nyuzi za ubavu. Ubavu wa sm 45 unaweza kutanuka karibu mm 3 toka kiangazi hadi Masika, na reli hairefuki. Ukiigundisha yote, ubavu utapasuka. Tia gundi sm 5 za mbele tu. Nyuma funga skrubu moja ya shaba kwenye tundu refu kidogo, ipate kusogea. Skrubu ya chuma huku pwani ni kutu.

Ukitoa kitako cha sm 8, mbao za juu na chini, na reli tatu za mbele zinazotenga droo, kila moja mm 20, unabaki na nafasi za droo za mm 160, 190, 220 na 250. Kubwa iwe chini. Nyuma ya kabati ifanye pana kuliko mbele kwa mm 1, droo itaingia bila kubana.

Sasa droo, penye kazi yenyewe. Uso mm 20, mbavu mm 12. Mikia ichongwe kwenye mbavu, kwa sababu mkono unavuta uso, na umbo la mkia ndilo linalokataa usichomoke. Mlalo wa pembeni mwa mkia ni 1 kwa 8: ukipanda sm 8, unahama sm 1. Ukilaza zaidi ya hapo, ncha za mkia zinakatika. Mikia iwe na urefu wa mm 14, ili usoni zibaki mm 6 zinazoficha kiungo. Chora kwa kisu, si penseli. Penseli ina unene, na unene huo ndio mwanya utakaouona baadaye. Msumeno upite upande wa kutupwa, alama ya kisu ibaki.

Mkia ukishatoka safi, ulaze juu ya ncha ya uso wa droo na uchore kwa kuufuata wenyewe. Usipime upya. Kwenye kuchimba, patasi ianze mm 1 ndani ya mstari. Ukiigonga juu ya mstari toka mwanzo, mgongo wake ulioinama unaisukuma ivuke, na kiungo kinalegea. Mfuo wa kushikia sakafu ya droo uangukie ndani ya mkia wa chini kabisa, la sivyo utatokeza tundu pembeni mwa uso.

Ukijenga wakati wa Kaskazi, acha mm 2 juu ya droo kubwa na mm 1.5 juu ya ndogo. Ukijenga Masika, nusu milimita inatosha. Ubavuni nusu milimita kila upande, msimu wowote, kwa kuwa mbao karibu hairefuki.

Mafuta ya kitani yapake nje tu. Ndani ya droo yanavunda na kunukisha nguo. Reli zisugue mshumaa.

Masika ya kwanza ikikwamisha droo, usikimbilie randa. Itoe, tafuta pale palipong'aa kwa kusuguana, piga msasa hapo hapo, ujaribu tena. Ukiparaza droo nzima, Januari itakuwa inacheza ndani ya tundu lake.