Jumuiya Inakuja Kwetu

Kwa mkulima wa Mufindi, mkoani Iringa, Krismasi huja wakati mgumu. Mvua zikianza Novemba, kila shilingi iliyobaki ndani inaingia shambani: mbegu, mbolea, vibarua. Ikifika katikati ya Desemba mahindi yako magotini, kihenge kina chakula cha kula tu, na mfukoni hamna kitu. Mwaka 1997, mwaka wa El Nino, kwetu mambo yalikuwa hivyo na zaidi, maana dada yangu mkubwa alikuwa sekondari ya bweni na ada yake ilikuwa imemeza hata fedha ya maharage.

Jumapili ya tatu ya Majilio, baada ya ibada pale kigangoni, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo alisoma ratiba. Sala ya mwisho kabla ya Noeli ingekuwa Jumanne tarehe 23, nyumbani kwetu. Mama akaitikia, "Karibuni sana." Njiani hakusema neno. Tulipofika alisimama sebuleni akiziangalia kuta, zilivyoshika masizi ya kibatari na michirizi ya mvua, akamuuliza baba, "Hawa watu watamsubirije Mtoto Yesu kwenye nyumba nyeusi namna hii?"

Baba akataka kujua rangi itanunuliwa kwa fedha ipi. Mama akamjibu kwamba rangi iko bondeni.

Ilikuwepo kweli. Chini ya vinyungu vyetu, yaani bustani za bondeni, pale kijito kinapoula ukingo, ukifukua ule udongo mweusi wa juu unakutana na udongo mweupe unaoteleza kama siagi. Bibi zetu walisiribia nyumba kwa udongo huo kabla chokaa ya dukani haijazoeleka. Mimi, niliyekuwa darasa la sita, na dada aliyekuwa likizo, tulishuka na jembe na ndoo, tukapanda nao kichwani huku miguu ikitafuta pa kushika kwenye njia iliyolowa.

Kazi yenyewe iko kwenye kuuandaa, na hapo mama hakutaka haraka. Kwanza tuliuloweka usiku kucha kwenye pipa lililokatwa. Asubuhi tukauvuruga kwa mikono, mizizi na vijiti vikaelea juu tukavitoa, kisha tukauchuja kwenye kipande cha kanga kuukuu, mpaka ukabaki laini bila hata chembe ya mchanga. Halafu mama akapika uji mwembamba wa unga wa ngano na chumvi kidogo, akaumimina humo ungali moto. Uji ndio unaoushikisha udongo ukutani. Bila huo, mgeni akiegemea anaondoka na mgongo mweupe, na hiyo kwa mama ilikuwa aibu kuliko masizi.

Tulipaka kwa matambara ya blanketi. Mkono wa kwanza ukikauka, unapaka wa pili. Udongo ukiwa mbichi una rangi ya majivu, na nilipouona nililia, nikidhani tumeiharibu nyumba kabisa. Dada akanivuta mpaka kwenye kona tuliyoanzia asubuhi. Ile kona ilikuwa imeanza kukauka, na weupe ulikuwa unatoka taratibu, sehemu kwa sehemu.

Shida ilikuwa ukungu. Desemba kwetu nguo hukaa kambani siku nzima na jioni unaanua zikiwa na majimaji. Mama akaweka jiko la mkaa katikati ya sebule, madirisha yote wazi pamoja na baridi ile, maana mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, na sisi watoto tulikatazwa kulala humo mpaka jiko litolewe nje. Kuta zilipokauka alichukua udongo mwekundu wa kichuguu, akatupa mimi na dada uzi tuuvute, mmoja pembe hii na mwingine pembe ile, akapaka mkanda mwekundu chini, kiasi cha kwenda goti. Mstari ule ulinyooka mpaka kwenye mlango. Nimeingia nyumba nyingi zilizopigwa rangi za bei kubwa, na bado naamini mapambo ya nyumba yanaanzia ukutani. Ukuta ukiwa safi, hata ua moja kwenye kopo linapendeza. Ukiwa mchafu, ning'iniza utakachoning'iniza.

Mti ulikuwa kazi ya baba. Unaweza kudhani kupata mti wa Krismasi Mufindi ni jambo rahisi, kwa jinsi mipaina ya Shamba la Miti Sao Hill ilivyotanda mpaka macho yanachoka. Lakini ile ni ya serikali, na baba alikuwa amefanya vibarua vya kupogolea humo. Hakukubali mpaina ukatwe kichwa kwa ajili ya sherehe ya siku mbili, kwa sababu ukishakatwa kichwa hautoi tena mbao iliyonyooka. Alichofanya ni kuokota matawi yaliyopogolewa na kuachwa chini, yale ambayo kina mama huokota kuni, akachagua yenye majani mabichi. Kisha akakata mlingoti, yaani mkaratusi, mwembamba kutoka kwenye milingoti yetu wenyewe, akautoboa kwa msumari mkubwa aliouchoma motoni mpaka ukawa mwekundu, matundu yakielekea juu kidogo, akizunguka kutoka chini hadi kileleni. Matawi marefu akayachomeka chini, mafupi juu. Akausimamisha kwenye debe la mchanga uliomwagiwa maji. Ukikaa mlangoni ungeapa umeota palepale. Hata leo, sebuleni kwangu Mafinga, natengeneza mti wangu hivyohivyo, na mlingoti uliotobolewa hutunzwa darini mpaka mwaka unaofuata. Miti ya plastiki inauzwa, najua, na ni mizuri. Hainukii lakini.

Mdogo wangu yeye alipewa kazi ya kwenda vilabuni. Msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, vilabu vinajaa, na walevi huacha pakiti za sigara chini ya mabenchi. Alirudi na mfuko mzima. Tulibandua zile karatasi za kung'aa, tukazinyoosha kwa mgongo wa kijiko juu ya meza. Baba akachana fito za mianzi, akazifunga nyota yenye pembe tano, tukaibandika karatasi zile kwa ugali. Matunda makavu ya mpaina tuliyachovya kwenye udongo mweupe uliobaki, yakawa mapambo ya mtini. Kalenda za zamani zikawa mnyororo wa karatasi. Kadi ambazo shangazi alikuwa akitutumia kutoka Dar es Salaam, mama alikuwa amezitunza zote kwenye sanduku. Tulizipanga kwenye uzi kutoka dirisha moja hadi jingine. Tulichonunua dukani ni mishumaa minne ya Majilio na pakiti moja ya maputo, tena maputo tulibadilishana kwa mayai.

Usiku wa kuamkia Jumanne mvua ilipiga mpaka bati likavuja mahali pamoja, na mchirizi wa kahawia ukashuka ukutani. Mama alitaka kupaka upya alfajiri. Baba akasogeza mti ukafunika pale, na ikawa hivyo.

Wanajumuiya walifika saa tisa, mabuti yamejaa tope. "Kamwene," "kamwene," tukasalimiana, kisha kila mmoja akasita mlangoni, akavua viatu. Hakuna aliyeambiwa avue. Tulisali, tukaimba, tukala viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa. Baada ya sala, bibi mmoja mjane, mzee kuliko wote pale, alinyanyuka akaenda kuushika ukuta kwa kiganja.

"Udongo huu mmeutoa wapi?"

"Bondeni kwenye vinyungu, Bibi," mama akamjibu.

"Kumbe bado upo! Nilijua umeshakwisha."

Kesho yake asubuhi njia ya bondeni ilikuwa na kina mama na ndoo zao, na baba alikuwa na msumari motoni akitobolea majirani milingoti. Mama alinikabidhi ndoo ya udongo tuliokuwa tumeuchuja, niupeleke kwa yule bibi, ambaye magoti yake yasingeweza kushuka kule. Nilimpakia ukuta wa mbele wote, yeye akiwa kwenye kigoda akinielekeza. Nilipofika dirishani aliniambia nisubiri. Alinyanyuka, akachovya vidole vitatu kwenye udongo mwekundu, akavipitisha kuzunguka dirisha kwa mawimbi, akaniambia mama yake alikuwa akifanya hivyo kila mavuno. Kisha akanishika mkono na kunipa nimalizie upande wa pili.

Niliporudi nyumbani nilimwomba mama ruhusa ya kuweka mawimbi yale sebuleni. Alifikiri kidogo, akasema sebuleni hapana, ila niweke nje, pande zote mbili za mlango, na nifanye haraka kabla ya ibada ya mkesha.