Saa ya Tissot ya dola 45, na dakika zilizokuwa zinapotea usiku

Imekwisha. Leo ni usiku wa tisa mfululizo mshale wa dakika unalala na kuamka palepale unapotakiwa. Naandika kabla sijasahau jinsi nilivyoteseka, maana wiki tano zimeishia kwenye saa moja ya milimita 34, na aliyenipa jibu ni shangazi yangu ambaye hajawahi kushika bisibisi.

Ununuzi wenyewe haukuwa na hadithi ndefu. Nafundisha hesabu, simu nimejipiga marufuku darasani ili niwe na uso wa kuwapiga wanafunzi marufuku, kwa hiyo nilihitaji saa ya mkono ya kila siku: nyembamba, inayoingia chini ya mkono wa shati, isiyozidi dola 60. Niliikuta kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, katikati ya sinia la saa za betri zenye majina makubwa ya uongo. Tissot Visodate Seastar, ya kujaza kwa mkono, tarehe mahali pa 3. Muuzaji alianza na 80, tukaachana 45. Kilichonishawishi ni uso wake. Chini ya lensi maandishi yalikuwa makali, SWISS MADE ipo pembeni chini mahali pake, hakuna wino uliotambaa. Bodi, yaani kasha lake, ina mikwaruzo kila upande, na hiyo kwangu ni sifa: maana yake hakuna mtu aliyeisugua hadi kona zikayeyuka.

Mtaniuliza kwa nini si Omega. Omega Genève ya dola 60 hapa Lubumbashi ama uso wake umepakwa rangi upya, ama ndani imeunganishwa kutoka saa tatu zilizokufa. Nyumba hizi mbili zilikuwa chini ya kampuni moja tangu 1930, na sioni sababu ya kulipia jina la kaka wakati mdogo wake anafanya kazi ileile.

Mpango niliouandika kwenye daftari: kuifungua na kuisafisha, kubadilisha kioo, mkanda mpya wa milimita 18, halafu kurekebisha mwendo. Kati ya hayo manne nimefanya moja na nusu.

Kuifungua kulinichukua Jumapili nzima kwa sababu ya ujinga wangu. Nilizunguka mgongo wake na kisu, nikitafuta mdomo wa kufungulia. Hakuna. Bodi yake ni kipande kimoja kama sufuria, mashine inatokea mbele, kwenye kioo, na ufunguo wake, kile kifundo cha pembeni cha kujazia, ni wa vipande viwili vinavyoachana ukivuta kwa nguvu. Nilivuta nikiwa nimefumba macho. Ukaachia, tik. Kisha nikachukua bomba la sindano la famasi, la mililita 10, nikabana mdomo wake kwenye kitundu cha ufunguo na kusukuma hewa. Mara ya kwanza hewa ilitoka pembeni. Mara ya pili nilizungushia kipande cha mpira wa baiskeli, nikasukuma, kioo kikaruka hadi kwenye sahani ya bukari (ugali). Kama una saa ya namna hii, usinunue lile koleo la makucha wanalouza kwa dola 20. Bomba la sindano ni franka chache, na halikwaruzi kitu.

Basi. Tatizo.

Mchana saa ilikuwa nzuri. Naiweka sawa na simu saa moja asubuhi, saa kumi alasiri bado ziko pamoja. Naivua saa tatu usiku, bado ziko pamoja. Asubuhi, imebaki nyuma dakika 20. Siku nyingine 14, siku nyingine 27. Kila usiku. Haisimami, ukiiweka sikioni inapiga vizuri, lakini mahali fulani kati ya kulala na kuamka dakika zinaibwa.

Nilianza na mkao, kama mtu yeyote angefanya. Usiku mmoja uso juu, mwingine uso chini, mwingine ufunguo chini, mwingine nimeiegemeza kwenye kikombe. Hasara ni ileile. Nikahamia kwenye kamani, ile springi inayojazwa: labda ninapoijaza asubuhi, hadi usiku nguvu inakuwa imepungua. Nikaanza kuijaza usiku kabla ya kulala. Asubuhi, nyuma dakika 22. Nikahamia kwenye baridi. Mwezi wa sita huku kwetu usiku unauma kweli, nikafikiri mafuta ya ndani yamekuwa mazito, basi nikalala nayo mkononi chini ya blanketi mbili. Dakika 19. Nikashuku sumaku, kwa sababu spika ya redio iko karibu na kitanda. Nikaagiza kile kisanduku cha bluu cha kuondoa sumaku, kikafika, nikakaa nacho siku mbili nikisubiri umeme urudi. Uliporudi nikabonyeza, nikapitisha saa, nikafuata kila sheria. Asubuhi, nyuma dakika 24. Kisanduku chenyewe sikilaumu, kibano changu kiliacha kunyanyua skrubu kama sumaku ya friji, kwa hiyo hela haikupotea yote.

Kilichokuwa kinanichanganya kabisa ni vipimo. Natumia programu ya simu inayosikiliza mapigo, na maikrofoni ya earphone za waya, kwa sababu zile zisizo na waya zinasafisha sauti na kula mlio wenyewe. Jenereta ya jirani inaharibu kila kitu, kwa hiyo napimia ndani ya kabati, saa na maikrofoni nimevifunga kwenye sweta. Nilipima saa tatu usiku: mapigo 18,000 kwa saa, inakimbia sekunde 8 kwa siku, balansi, lile gurudumu la mapigo, inayumba digrii 260 hivi, kosa la pigo milisekunde 0.8. Kwa saa ya umri huu hiyo ni afya ya kijana. Nikaamka saa kumi alfajiri nikapima tena ndani ya kabati, mke wangu akiuliza kama naongea na nguo. Sekunde 6 mbele. Yaani mashine inaniambia inakimbia, na mishale inaniambia imechelewa dakika 20, na vyote viwili viko kwenye saa moja.

Hapo nikakosa imani na programu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini, akaishika siku nne, akaniambia kamani imechoka, akachukua dola 10. Ilirudi vilevile. Sijui hata kama aliifungua. Kioo kilikuwa na vumbi langu lilelile.

Sasa shangazi. Alikulia Bukavu, anakaa Katuba, hapahapa mjini, miaka mingi, na nyumbani kwake saa ya ukutani imewekwa kwa hesabu yake tangu nikiwa mtoto. Ikiwa ni saa mbili asubuhi, mshale mfupi unasimama kwenye 2. Hataki kabisa mambo ya kutazama 8 na kusema mbili. Alikuja kwetu kulala siku mbili. Jumamosi asubuhi niliacha saa mezani nikatoka kutafuta mkate. Niliporudi akanikabidhi kwa mikono miwili.

“Mwanangu, saa yako ilikuwa inadanganya. Nimeitengeneza.”

Alikuwa amevuta ufunguo na kusogeza mishale mbele kutoka 8 hadi 2. Nikasema asante, Shangazi. Ungefanya nini? Nikaivaa hivyohivyo, nikiwaza nitairudisha akishaondoka Jumatatu.

Saa moja jioni tunakaa kula, nikaitazama kwa mazoea. Ilitakiwa kusoma 1 kamili. Ilikuwa inasoma 12 na dakika 39. Dakika 21 zimeondoka, na usiku ndiyo kwanza umeingia! Tangu niinunue haijawahi kupoteza hata dakika moja mchana. Na kwenye dirisha dogo tarehe ilikuwa imeshabadilika, Jumamosi yenyewe bado haijaisha. Sikuigusa. Asubuhi ya Jumapili nikaangalia: bado nyuma dakika 21 zilezile. Usiku mzima haikupoteza kitu.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mguuni. Mwizi hakuwa usiku. Shangazi alisogeza mishale saa sita mbele, na wizi ukahama saa sita kamili kuja jioni. Baridi haikuhama, sumaku haikuhama, mkao haukuhama. Ndani ya saa kuna kitu kimoja tu kinachojua mishale imeonyesha nini: tarehe. Kuanzia kama saa nne usiku gurudumu la tarehe linaanza kusukuma lile duara la namba, na kuna kamani ndogo inayolishikilia duara hilo, inakaza, inakaza, hadi namba inaruka. Saa mbili tatu hizo mishale inabeba mzigo ambao siku nzima haina.

Na mishale haijapigiliwa kwenye mashine. Mshale wa dakika unakaa juu ya kijibomba chenye meno, kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho mafundi wetu wanakiita shose kwa Kifaransa. Kimevalishwa kwenye ekseli ya gurudumu la kati kwa kubana tu, ili uweze kuvuta ufunguo na kuzungusha mishale bila kuvunja magurudumu. Kikilegea, mashine inaendelea kuzunguka na kupiga mapigo mazuri kabatini, wakati shose inateleza juu yake kila inapokutana na mzigo. Programu ilikuwa inasema kweli muda wote. Na aibu niliyonayo ni hii: ulegevu ule niliuhisi siku ya kwanza. Nilipozungusha ufunguo kuweka saa, mishale ilizunguka laini kama siagi, nikajisifu kwa ulaini wa Uswisi.

Jumatatu nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa mtaa wa Kamalondo, anayekaa chini ya mwavuli na meza yenye ukubwa wa daftari. Sikumpa saa, nilimwomba anifundishe. Akacheka, akasema “Leta kiti, mwalimu.” Tukang’oa mishale, tumeweka kipande cha mfuko wa plastiki juu ya uso ili usikwaruzike. Akanyanyua shose kwa kibano. Ilitoka kama kofia ya kalamu. Akanitazama tu.

“Papa, hii ilitakiwa kukataa?”

“Ilitakiwa kulia.”

Chombo chake ni koleo la kukatia waya ambalo meno yake ameyasaga kwenye jiwe hadi yamekuwa butu. Ndani ya shose anachomeka sindano ya kushonea, ili ukuta usijikunje wote. Kisha anatafuta ile alama ya zamani ya kubana, kishimo kidogo kiunoni, na kubonyeza hapohapo. Alibonyeza mara moja, kidogo sana, nikaona hata vidole havikubadilika rangi. Tone la grisi kwa ncha ya kijiti cha meno, tukarudisha. Usiku ule ilipoteza dakika 9. Nilifurahi kana kwamba imepoteza sifuri, maana kwa mara ya kwanza katika wiki tano kuna kitu nilichofanya kikabadilisha namba. Kesho yake nikarudi, akanipa koleo mwenyewe. Mkono ulitetemeka hadi akanishika kiwiko. Nilibonyeza, nikajaribu, bado laini. Nikabonyeza tena nywele moja zaidi. Sasa ukizungusha ufunguo unahisi uzito, kama kufungua mfuniko wa chupa ya asali. Akakataa hela, akakubali munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

Tangu hapo: usiku tisa. Sekunde 5 mbele, 7 mbele, 6 mbele. Kwenye usimamizi wa mtihani nilitangaza mwisho na kengele ikalia kabla sijafunga mdomo.

Kuhusu kile kioo kipya: hiki cha zamani ni pleksi, aina ya plastiki, nimekisugua dakika kumi kwa dawa ya meno na kitambaa, kimetosha. Mkanda bado ni ule wa muuzaji, unanuka plastiki. Nilikuwa na nia ya kuvishughulikia wiki hii, lakini bado, na hata saa sijairudisha kwenye hesabu ya simu. Iko bado kama Shangazi alivyoiacha. Uso wake hauna namba, ni vijiti tu, kwa hiyo haidai chochote, na tarehe inaruka saa kumi na mbili jioni, giza linapoingia na siku yetu inapogeuka. Wanafunzi wanaojaribu kuichungulia wakati wa mtihani wanakunja uso.

Pia nimenunua saa nyingine ya betri, dola 3, mbovu kabisa ya sura, nimeivua uso na ninachora mwingine wa karatasi kwa ajili ya Shangazi: 6 juu, 12 chini, dakika zibaki zilivyo pembeni. Ya kwanza nimeikata kwa wembe jana usiku. Tundu la katikati limeenda upande, mshale wa saa unakwaruza karatasi kila ukipita kwenye 9.